Klachi Iliyonuka Samli

Tulipotoka kumzika Mama Kabula tuliketi kwenye mikeka uani kwake, pale Shinyanga mjini, tukingoja chakula kama wazee wanavyongoja, yaani kwa kujifanya hatungoji. Akaja Kabula mwenyewe na sufuria ya mchuzi wa nyama. Huyu nilimjua akiwa mgongoni mwa mama yake, na siku hiyo alikuwa bibi wa wajukuu watatu. Kabla ya kutua sufuria alitanguliza mkekani kitu cha chuma, cha duara, chenye upana wa kisosi kikubwa na uwazi katikati. Kuzunguka uwazi ule palikuwa na matundu, na karibu kila tundu limezibwa kwa kipande cha kitu laini, cheusi kwa masizi. Wenzangu wakanyoosha mikono ili wanawishwe. Mimi nikasema, "Kabula, hebu ondoa hiyo sufuria." Akadhani chakula kimenichukiza. "Mjomba, mchuzi umefanya nini?" Nikamwambia mchuzi hauna neno, nataka kile kilicho chini yake. Akasema ni kigoda tu cha sufuria, kipo tangu utoto wake, na mama yake hakuwahi kueleza kilitoka wapi. Nikakishika. Nilikuwa nimekitengeneza kwa mikono yangu zaidi ya miaka hamsini nyuma, na kwa ajili yake niliona aibu kubwa kuliko zote za ujana wangu.

Habari za kwetu na za ukoo wangu naziruka. Anayezijua hazihitaji, na asiyezijua hazitamsaidia kuelewa klachi. Itoshe kwamba nilikuwa na miaka ishirini na miwili, vita ya wazungu imekwisha miaka mitano au sita nyuma, na nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya hoteli ya Mama Kabula karibu na stesheni. Hoteli lilikuwa jina la heshima tu. Ilikuwa nyumba ya matofali mabichi yenye meza tatu, na ukuta wa jiko ndio huohuo ulioegemewa na kitanda changu, hata asubuhi nikaamshwa na joto lake kabla ya jogoo. Mji mzima niliujua kwa masikio. Makuli wa stesheni, wanunuzi wa pamba, wachimbaji waliotoka Geita na vumbi jekundu kwenye nyusi, madereva wa malori, wote walikula upande wa pili na kusema mambo yao kana kwamba ukuta haukuwa na mtu nyuma yake. Walikula ugali wa mtama kwa mlenda, michembe ya viazi vitamu kwa karanga, samaki wakavu waliokuja kwa magunia kutoka Nkome, na juu ya kila kitu Mama Kabula alimimina samli. Samli yenyewe ilikaa ndani ya chupa ya kijani iliyozibwa kwa gunzi la muhindi. Haikupita siku bila yeye kulilaumu gunzi lile kwamba linamnywea samli yake. Mimi nilipata kijiko cha ziada kwa sababu nilimtengenezea bawaba za mlango.

Mchana nilikuwa gereji. Nilikuwa fundi mzuri. Sisemi hivi kwa majivuno ya uzee. Nilisema hivyohivyo wakati ule, tena kwa sauti. Gereji ilikuwa na tajiri wake, lakini mwenye kauli alikuwa Fundi Mrisho, mtu wa Tabora, mcha Mungu, mwenye kofia ya kazi na kofia ya msikitini, na ole wako uiguse ile ya pili kwa mkono wa grisi. Mwaka ule tajiri aliagiza jiliwa la pili, kile chuma cha kubania vitu mezani, na Fundi Mrisho akatangaza kwamba litafungwa kwenye benchi jipya na benchi hilo litapata mwenyewe. Kwetu, mwenye benchi ndiye fundi. Asiye nalo ni mtu wa kushikia wenzake spana. Tulikuwa wawili tuliolitaka, mimi na Selemani. Selemani alikuwa kijana mpole, mwepesi wa kuuliza kila jambo mara mbili, nami nilimdharau kwa kuuliza kwake.

Mwezi wa nane pikipiki ikaja ndani ya magunia. Ilikuwa pikipiki ya jeshi iliyobaki vita ilipokwisha, ikauzwa mgodini, ikafunguliwa na mtu ambaye hakuweza kuirudisha, mwishowe watu wa afya wakaichukua vipande vipande na kumpa dresa wao wa zahanati moja karibu na Segese. Magunia yalipakiwa kwenye treni pale Isaka, na dresa mwenyewe akaja ameyakalia. Aliitwa Bwana Petro. Alikuwa Mzinza mrefu, mkimya, ambaye kwa miaka minne alizunguka vijiji na kambi za wachimbaji kwa baiskeli akifunga vidonda na kuchoma sindano, hata goti lake moja likaanza kumgomea. Alinieleza bila kulalamika kwamba pikipiki hiyo amepewa kwa majaribio. Mkubwa wake, daktari wa kizungu, hakuamini kwamba dresa mweusi anaweza kuitunza. Ikiharibika mkononi mwake itachukuliwa, naye atarudi kwenye baiskeli. "Fundi," aliniambia, "mvua zikianza, kuna kambi ambazo kwa baiskeli sizifikii. Nifanyie kazi ya kuaminika." Hakuna aliyewahi kuniita fundi. Nikajibu kwamba hata akiipandisha milima ya Geita na mgonjwa nyuma haitamwangusha. Fundi Mrisho alikuwa anasikia. Akasema, "Mpeni Masanja kazi hiyo. Ikitoka salama, jiliwa litajua pa kukaa."

Nilimwaga magunia juu ya shuka kuukuu nikapanga kila chuma na ndugu zake. Giaboksi ndiyo niliyoifurahia zaidi. Shafti mbili zinaingia, gia zinalaliana, uma unazisogeza huku na huku, na ukizungusha kwa mkono unasikia kama kila gia imeingia nyumbani kwake. Gololi za nyuma ya ngoma ya klachi zilinitoa jasho. Hazikai. Unazibandika moja moja kwa grisi kidogo mpaka duara litimie, kisha unaisukumia ngoma juu yake huku umezuia pumzi, na ukiinamisha kidogo tu zote zinamwagika miguuni. Mara mbili zilimwagika, nikazitafuta kwa kupapasa vumbini huku Selemani akinishikia taa na kuuliza kama zimetimia. Mara ya tatu zikakaa. Ile siku nilikula kwa Mama Kabula kama mtu aliyevuna.

Klachi yenyewe ni jambo jepesi. Ni pleti zinazolaliana: moja ya chuma tupu, moja yenye matundu yaliyojazwa vizibo vya gome la mti, chuma tena, vizibo tena. Springi zinazibana ili zishikane na kuzunguka pamoja, na hapo nguvu ya injini inafika kwenye tairi. Ukivuta mkono wa klachi zinaachana. Vizibo vya pikipiki ile vilikuwa vimeungua na kumomonyoka, na vipya vilikuwa Ulaya, ng'ambo ya miezi mingi ya kungoja meli. Lakini kizibo cha klachi na kizibo cha chupa ya mvinyo ni gome la mti mmoja, na mpishi wa behewa la chakula la treni alikuwa mteja wa Mama Kabula. Mtu huyu alikuwa akivuta vizibo kila siku ya Mungu na kuvitupa dirishani. Kwa wiki tatu akaniletea mifuko imevimba. Nilivikata kwa wembe, nikavichemsha vikalainika, nikavisukuma kwenye matundu ya pleti kimoja kimoja kwa kidole gumba, nikavisawazisha kwa msasa juu ya kioo cha dirisha mpaka pleti ikalala bila kuyumba. Kidole gumba hicho kilipoteza ngozi. Kazi ya kubana vizibo vile sikuona hata mmoja aliyeifanya vizuri kuliko mimi, wakati ule wala baadaye.

Siku mbili zikapita, vizibo vikakauka na kuwa vigumu, viwili vikapasuka pembeni. Fundi Mrisho alikuwa Tabora kwenye arobaini ya shemeji yake. Selemani akashauri tumngoje, nami nikamwambia wanaongoja ni wagonjwa. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya ng'ombe. Kwetu kitu kikikauka kinapakwa samli: ngozi ya kulalia, ngoma, mpini, kigoda, kisigino cha mtoto. Sikuwahi kuona kitu kikavu kilichodhurika kwa samli. Tena nilikuwa nimewahi kufungua pikipiki ya aina nyingine ambayo klachi yake iliogelea ndani ya oili na ikafanya kazi vizuri, kwa hiyo hata akili ya gereji ilikubaliana na akili ya nyumbani. Hii ya Petro ilikuwa klachi kavu. Ilikuwa na mfuniko wake maalumu wa kuzuia hata tone moja la oili lisiifikie, nami nilikuwa nimeshausafisha mfuniko huo na kuuweka kando nisijiulize uliwekwa pale kwa kazi gani. Nikamwomba Mama Kabula vijiko vitatu vya samli. Nikaipasha moto, nikavipaka vizibo vya pleti zote mpaka vikashiba, vikawa laini, vikang'aa. Nilijipongeza kwa akili yangu.

Kukaza springi nako nilikufanya kama inavyopasa. Unakaza kila nati nusu mzunguko kwa zamu, unavuta mkono wa klachi, unatazama pleti ya juu inavyoinuka. Upande unaotangulia kuinuka ndio unaokazwa. Nilikaza na kutazama, nikakaza na kutazama, hata pleti ikawa inainuka sawasawa kama mfuniko wa chungu kinachoanza kuchemka. Fundi Mrisho aliporudi aliipanda mwenyewe. Akazunguka soko, akaenda stesheni, akarudi. Shinyanga ni tambarare, hakuna kilima, na samli ilikuwa bado imeganda. Akashuka akasema, "Haya," neno ambalo kwake lilikuwa hotuba. Siku ya Alhamisi Bwana Petro akafunga masanduku mawili ya dawa nyuma, Mama Kabula akamtilia michembe ya njiani, tukamwona akiondoka kwa barabara ya Isaka na vumbi lake.

Siku sita baadaye, saa ya chakula cha mchana, nilikuwa chumbani nabadili shati. Ng'ambo ya ukuta dereva wa lori aliyetoka Kahama alikuwa anasimulia. "Yule dresa nimemkuta kwenye kilima cha mbele ya Segese, anasukuma. Injini inalia kama fahali, pikipiki haiendi. Na harufu sasa. Wallahi nilidhani kuna mtu anaunga mboga kwa samli katikati ya pori." Watu wakacheka. Mmoja akasema hawa waliozoea baiskeli hawajui klachi, lazima ameiunguza. "Ndivyo wanavyosema huko," dereva akajibu, "na mkubwa wake anakuja Jumamosi kuichukua." Wakati huohuo Mama Kabula alikuwa jikoni anapasha samli ya kumwagia dagaa, harufu ikapenya kwenye ufa wa ukuta ikanikuta nimesimama na mkono mmoja ndani ya shati. Nilielewa yote mara moja. Klachi ilipopata joto la vilima samli ikayeyuka, pleti zikaacha kushikana, zikawa zinateleza. Nilimaliza kuvaa, sikwenda kula.

Gereji habari ilikuwa imenitangulia. Nilikuwa nimejiandaa kusema, naapa, lakini Fundi Mrisho aliwahi. "Usijisumbue moyo," akasema. "Mwanafunzi huunguza klachi. Anaivuta nusu, anapanda kilima na hiyo nusu, inaungua. Kazi yako niliipanda mwenyewe, haina kosa. Jiliwa limefika stesheni. Jumamosi tunalifunga." Nikajibu, "Ndiyo, Fundi." Maneno mawili tu. Nilishinda siku nzima nikisugua kabureta ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi. Kila nilipojiambia kwamba labda kweli Petro ameiunguza, nilimwona anavyosukuma na goti lile. Leo vijana wakiniuliza fundi mbaya ni yupi, siwaambii habari ya samli. Nawaambia habari ya siku ile niliyokaa kimya, kwa sababu ile samli niliipaka kwa kutojua, na kimya nilikaa kwa kujua.

Jioni Mama Kabula akaniletea ugali, na alipotaka kumimina samli nikafunika sahani kwa mkono. Akaweka chupa chini. "Masanja mdogo wangu, unaumwa?" Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, mtoto amelala mgongoni mwake, kisha akaanza kucheka hata mtoto akaamka. "Yaani samli yangu ndiyo imeilaza pikipiki ya serikali?" Nikamwambia haichekeshi, yule mtu atanyang'anywa pikipiki kwa kosa langu. Akafuta macho. "Sawa. Kibuyu changu kikikolea samli, kikaanza kunuka, ninakifanyaje? Nakitupa?" Nikasema, "Unakichemsha kwa magadi." "Basi," akasema, kana kwamba nimemaliza mwenyewe. Nikauliza, "Na Fundi Mrisho?" "Huyo hachemshwi. Huyo anaambiwa. Mficha uchi hazai, mdogo wangu." Akaingia jikoni akarudi na magadi ameyafunga kwenye pindo la kanga iliyochakaa, fungu kubwa la kutosha vibuyu vya ukoo mzima. Halafu akanilazimisha nile.

Asubuhi nilimkuta Fundi Mrisho anafungua mlango. "Shikamoo, Fundi." "Marahaba." Nikamwambia palepale, kabla ya kuingia ndani, maana nilijua nikiingia nitapata cha kushika. Akavua kofia ya kazi. "Samli," akasema. "Ya ng'ombe?" "Ya ng'ombe, Fundi." "Na mimi nikaipanda, nikasema haya." Nikaomba ruhusa niende Segese nikaitengeneze kabla ya Jumamosi. Akasema lori la Kahama linaondoka saa tatu, nilipande. "Lakini nikwambie mapema. Jumamosi tajiri anakuja kuona jiliwa linafungwa, na mimi sifungi jiliwa kwa jina la mtu ambaye hayupo." Nikasema naelewa. Nilikuwa naelewa vizuri sana, na liliniuma. Nilipokuwa napakia spana, Selemani alikuja na msasa wake mpya, ule wa chembe ndogo aliokuwa akiuficha, akauweka ndani ya mfuko wangu bila kuuliza chochote.

Nilifika Segese Ijumaa adhuhuri, nyuma ya lori, juu ya magunia ya chumvi. Bwana Petro alikuwa kwenye baraza ya zahanati anamfunga mchimbaji kidole. Pikipiki ilikuwa imeegemezwa ukutani na bado ilikuwa inanuka. Nikangoja amalize. Nikaanza, "Bwana Petro, nimekuja kukwambia kwamba..." Akanikata. "Najua." "Unajua nini?" "Fundi, nimesafiri na harufu hiyo tangu Isaka. Njaa iliniuma njia nzima. Kambi ya kwanza niliyoingia, wagonjwa walinizunguka wakidhani nimeleta pilau." Hakucheka, lakini jicho lake lilicheka kidogo. Nikamuuliza kwa nini basi ameacha watu waseme yeye ndiye kaunguza. Akakunja bandeji iliyobaki, akairudisha koponi. "Ningemwambia nani? Mkubwa wangu? Nimwambie kwamba fundi mwafrika ameipaka klachi mafuta ya kula? Asingetoa tena pikipiki kwa dresa yeyote wa kwetu, wala kazi kwa fundi yeyote wa kwetu. Bora aseme Petro hajui kuendesha. Petro ni mtu mmoja." Aibu iliyonishika pale ilikuwa nyingine kabisa, kubwa kuliko ile niliyokuja nayo. Nikaomba sufuria.

Mkewe alituletea sufuria ya kupikia pombe, ya zamani. Nikafungua klachi, nikatoa pleti, nikazichemsha kwenye maji ya magadi. Samli ikapanda juu, ikafanya duara la manjano, tukaimwaga nyuma ya jiko, mbwa wa jirani wakaja. Nikachemsha tena. Mara ya tatu maji yakawa na ukungu tu wa rangi ya majivu, na ya nne hayakuwa na kitu. Pleti tukazianika juu ya bati juani, na Ijumaa ile jua la Segese lilinifanyia hisani. Usiku pleti zikalala karibu na mafiga yenye majivu ya moto. Alfajiri nikapitisha msasa wa Selemani juu ya kila kizibo, polepole, mpaka uso ukakwaruza kidogo kidoleni. Ngoma ya klachi na kuta zake nilizipangusa kwa petroli hadi kitambaa kikatoka kikavu. Kisha nikapanga upya: chuma, vizibo, chuma, vizibo.

Nilikuwa nakaza nati ya mwisho gari la mkubwa lilipoingia. Alishuka mzungu mfupi mwenye kaptula na mfuko wa kahawia, akasalimiwa, akaitazama pikipiki na mimi niliyekuwa chini yake. Akauliza kwa Kiswahili chake cha amri, "Nani haribu hii?" Petro akafungua mdomo. Nikasimama kabla hajasema. "Mimi, bwana. Mimi ndiye fundi. Nilipaka mafuta mahali pasipopakwa mafuta. Dresa hana kosa, anajua kuendesha kuliko wengi. Nimeshairekebisha." Akanitazama, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akaonyesha kile kilima kwa kidole, kilekile cha aibu, kisha akaonyesha masanduku ya dawa.

Petro akapanda na masanduku yote mawili. Klachi ikiteleza, unaisikia: injini inapaa juu peke yake, inalia, na pikipiki inabaki. Tulisimama tukasikiliza, mimi, mkubwa, mke wa Petro na wagonjwa wa siku ile. Sauti ilikwenda ikipungua, nzito, moja, bila kupaa. Ikafika katikati ya kilima mahali alipokuwa akishuka kusukuma. Akapita. Ikazama upande wa pili, kimya, kisha tukaisikia inarudi. Mkubwa akatia saini daftari la zahanati, akaingia garini, akaondoka. Pikipiki hakuigusa. Petro aliposhuka alisema tu, "Sasa hainuki kitu. Nani tena atadhani nimeleta pilau?"

Niliporudi Shinyanga jiliwa lilikuwa limefungwa kwenye benchi jipya, na Selemani alikuwa nyuma yake, amesimama wima kama mtu aliyevaa nguo za kuazima. Nilimpa mkono. Nilifagia gereji na kushika spana za wenzangu hadi mvua zikaanza, zikakolea, zikakatika. Sikununa. Nilikuwa najua thamani yangu, na Fundi Mrisho naye alikuwa anaijua, ila alikuwa ananingojea. Siku moja likaja lori la pamba ambalo klachi yake ilikuwa imewashinda mafundi wa Mwanza. Selemani akaliangalia, akaja kuuliza afanyeje. Fundi Mrisho akasema, "Mpe Masanja." Selemani, kama kawaida yake, akauliza kwa nini. "Kwa sababu likinuka," Fundi akasema, "huyu ataniambia." Tangu siku ile hakuna klachi iliyofunguliwa katika gereji ile bila kupita mikononi mwangu, na benchi la tatu liliponunuliwa halikutangazwa.

Pleti mpya kutoka ng'ambo zilikuja baada ya miaka miwili. Bwana Petro alileta pikipiki mwenyewe, ikiwa na vumbi la kambi zote, na vizibo vyangu vya mvinyo vilikuwa vingali vinashika. Nilizitoa pleti za zamani nikampa moja Mama Kabula ya kuwekea sufuria za moto, maana gome lile halipitishi joto. Muda si mrefu nikahamia Geita kwenye karakana ya mgodi, na sikuiona tena.

Hayo yote niliwasimulia pale mkekani, mchuzi ukipoa, na watu wakacheka kwenye matanga ya Mama Kabula kama yeye mwenyewe alivyocheka. Nilikuwa nazungusha pleti mkononi nikibonyeza vizibo kwa kidole gumba, kimoja kimoja. Vyote vilikuwa imara. Sufuria za moto za miaka hamsini hazikukitikisa hata kimoja. Kisha nikafika kwenye tundu tupu. "Hapa pamekosekana kimoja," nikasema, na sauti yangu ikawa kali kuliko nilivyotaka. Kabula akainama kutazama. Akafikiri. Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na chupa ya kijani iliyojaa samli. Mdomoni mwa chupa mlikuwa na kizibo kimeviringishiwa kitambaa, cheusi, kinang'aa kwa mafuta. "Mama alisema gunzi linamnywea," akasema. Nilicheka hadi machozi yakatoka, na yalipotoka hayakukoma, nikamlilia Mama Kabula mbele ya watu bila kujificha. Nilipotulia nikakichomoa kile kizibo, nikakinusa, nikakirudisha mdomoni mwa chupa. Kikabana barabara.